Wenye Lango la Kilimanjaro

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, wakiwa na mbao ndefu nyembamba zilizopinda ncha. Huko juu walizifunga miguuni na wakateremka wakiteleza kwenye theluji. Wakati huo barafu ya Kilimanjaro ilifunika takribani kilomita 12 za mraba. Huko Uswisi, St. Moritz na Davos zilikuwa tayari zinaishi kwa wageni wa majira ya baridi. Aliyeutazama mlima kutoka Moshi angeweza kuota mji wa namna hiyo juu ya migomba ya Wachaga.

Mji huo haukujengwa. Barani Afrika mchezo wa kuteleza ulipata makao kwingine: Oukaïmeden kwenye milima ya Atlas nchini Morocco, Tiffindell Afrika Kusini, Afriski nchini Lesotho. Jamaa zetu wa Ghuba wao huteleza Dubai tangu 2005, ndani ya jengo la maduka, juu ya theluji ya mashine. Lakini mambo yanayoisumbua miji ile ya theluji, yaani nani mwenyewe, nani msimamizi, wageni wangapi na mapato yanakwenda kwa nani, yote yameikuta Kilimanjaro. Huko Ulaya na Marekani mlima wa kuteleza huuzwa na kampuni moja kwa nyingine, na bei hutangazwa. Kilimanjaro haijauzwa hata siku moja, lakini imebadilisha wenyewe mara kadhaa. Kila mara kilichohama mkono ni lango.

Ruhusa ya mangi, 1848–1889

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, alikiona kilele cheupe. Taarifa yake ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliipinga kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wachaga hawakuulizwa. Wao waliishi chini ya theluji hiyo vizazi na vizazi, wakielekeza mito ya mlima kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, kwa mifereji ya mifongo, na nchi yao ilikuwa imegawanyika katika himaya nyingi ndogo, kila moja na mtawala wake, mangi.

Mgawanyo huo ulikuwa wa wima. Himaya ilikuwa mgongo wa ardhi kati ya makorongo mawili, ukianzia tambarare na kupanda hadi msituni. Hapakuwa na namna ya kuifikia theluji bila kupita kwa mtu. Baron Karl Klaus von der Decken alijaribu mwaka 1861, kisha mwaka uliofuata akafika kama mita 4,200 akiwa na Otto Kersten. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alifika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Alitoa zawadi, akapewa watu wa kumsindikiza, akaigusa theluji. Aliporudi miaka michache baadaye Rindi alimnyang'anya mali zake, na New akafia njiani kuelekea pwani mwaka 1875.

Waandishi wa Ulaya waliliita tukio hilo uporaji, na kwa upande wa New ndivyo lilivyokuwa. Lakini ukisoma habari za Rindi, mtawala aliyejua thamani ya bunduki, ya vitambaa na ya mahali anapokaa, unaona pia mtu aliyekuwa akitoza kiingilio. Bei yake haikuwa imeandikwa ukutani, na ilipanda kadiri mgeni alivyoonekana kuhitaji.

Hans Meyer, tajiri wa Leipzig, alifika kwenye barafu mwaka 1887 akashindwa kuivuka. Mwaka 1888 alirudi na hakufika hata mlimani: alikamatwa na watu wa Abushiri wakati pwani ikipigana na Wajerumani, akajikomboa kwa fedha. Safari ya tatu, mwaka 1889, ndiyo iliyoamua jiografia ya utalii wa mlima hadi leo. Meyer alipiga kambi Marangu, kwa Mangi Marealle, aliyekuwa mshindani wa Moshi na aliyeona faida ya kuwa rafiki wa Wajerumani. Tarehe 6 Oktoba 1889 Meyer na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, walisimama juu kabisa, na Meyer akakipa kilele jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mwini Amani, mtu wa Pangani, ndiye aliyebaki nao kwenye kambi ya juu wakati wengine wamerudishwa chini.

Wengi hudhani lango kuu liko Marangu kwa sababu mteremko wake ni mpole. Ni kweli ni mpole. Lakini sababu ya kwanza ni siasa za mangi mmoja dhidi ya mwenzake.

Vibanda vya Bismarck na Peters, 1890–1914

Rindi alikufa mwaka 1891. Mwanawe Meli aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi chini ya Gavana von Schele, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na viongozi wengine wa Wachaga na majirani zao. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Baada ya hapo hakuna mangi aliyeweza kumzuia Mzungu njiani. Mlima ulikuwa wa serikali ya kikoloni, na mamangi wakawa wasimamizi wa kodi na vibarua.

Wageni walikuwa wachache mno. Tangu Meyer afike kileleni hadi wapimaji Lange na Weigele walipofika mwaka 1909, ilipita karibu miaka 20 bila mtu wa tatu kurekodiwa pale juu. Kilichobadili mambo ni reli. Njia ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na ghafla safari ya wiki kadhaa kwa miguu ikawa safari ya kukaa kwenye kiti. Mwaka mmoja tu baadaye, 1912, Eduard Oehler na Fritz Klute walifika kilele cha Kibo na wakawa wa kwanza kufika juu ya kilele jirani cha Mawenzi. Furtwängler na König wakaja na mbao zao. Na juu ya Marangu kulikuwa na vibanda viwili vya kulala, kimoja kwenye mita 2,700 na kingine kwenye mita 3,700 hivi.

Kibanda cha chini kiliitwa Bismarck. Cha juu kiliitwa Peters, kwa heshima ya Carl Peters, ambaye alipokuwa mkuu wa kituo cha Kilimanjaro kati ya 1891 na 1892 alimnyonga mtumishi wake Mabruk na binti aliyeitwa Jagodja, ukatili uliomfukuzisha kazi mwaka 1897. Miaka 15 baada ya serikali yake kumfukuza, jina lake lilikuwa mlangoni pa mapumziko ya wapanda mlima.

Hoteli, kahawa na klabu, 1919–1960

Waingereza walipochukua Tanganyika waliurithi mlima na njia yake. Clement Gillman, mhandisi wa reli, alifika ukingo wa kreta mwaka 1921, na pale alipoishia pana jina lake. Mchungaji wa Kilutheri Richard Reusch alikuta mzoga wa chui mkavu juu ya barafu mwaka 1926. Habari hiyo ndiyo iliyompa Ernest Hemingway mwanzo wa hadithi yake ya mwaka 1936. Sheila Macdonald alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele chenyewe, mwaka 1927. Klabu ya Milima ya Afrika Mashariki ikaanzishwa mwaka 1929, na mwaka 1932 kikajengwa kibanda cha Kibo, kwenye mita 4,700.

Klabu iliandika taarifa na kutunza vibanda. Biashara ilikuwa kwa wenye hoteli. Marangu palikuwa na mbili zilizojulikana: Hoteli ya Kibo, na Hoteli ya Marangu iliyozaliwa kutoka shamba la kahawa la familia ya Lany. Mgeni aliandika barua kutoka Nairobi au Uingereza, akapangiwa siku tano. Hoteli ilimtafutia kiongozi, mpishi na wapagazi, ikampa blanketi, nyama ya kopo na buti za kuazima, na aliporudi ikampokea kwa maji ya moto. Huu ndio uliokuwa usimamizi wa mlima: daftari la hoteli. Mwenye daftari alijua nani amepanda na nani alipwe, na kiongozi asiyeandikwa humo hakuwa na kazi.

Viongozi na wapagazi walitoka kwenye vihamba vilivyo jirani, kazi ikirithiwa na wana kutoka kwa baba zao. Hawakuwa maskini wa kutupwa. Kahawa ya Arabika ilikuwa imeingia mlimani, wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925 na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vyenye nguvu zaidi Afrika. Kwa kijana wa Marangu, kubeba mzigo wa mgeni ilikuwa fedha ya msimu, ya kuezekea bati au kulipia karo, huku shamba likiendelea kulisha nyumba. Ni jambo la kukumbuka tutakapofika miaka ya 1990, bei ya kahawa ilipoporomoka na mzigo ukabaki kuwa riziki peke yake.

Juu ya vihamba ulikuwa msitu wa hifadhi, ambamo mwananchi hakuruhusiwa kukata mti wala kulisha ng'ombe. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa upana wa nusu maili kati ya msitu na makazi, ili watu wapate kuni na majani. Watalii waliuvuka ukanda huo bila kujua. Wenyeji waliujua kwa hatua zake.

Mwenge na vibanda vyenye majina mapya, 1961–1977

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge juu ya Kibo. Kilele cha Kaiser Wilhelm kikawa Uhuru. Ni mara chache mlima hubadilisha mwenyewe hadharani kiasi hicho, tena bila karatasi ya mauziano.

Ila kwa zaidi ya miaka kumi lango lilibaki pale pale, kwenye daftari la hoteli. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu, kwa hiyo mangi hakuwa tena na neno rasmi. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na mwaka 1969 likaundwa Shirika la Utalii la Tanzania, TTC, lililomiliki na kujenga hoteli za mbugani na pwani. Si kila mtu alifurahi. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali gazetini: je, nchi ya kijamaa inajengwa kwa kuwatumikia watalii? Issa Shivji alikusanya hoja za pande zote katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Walioshinda kwa maneno hawakushinda kwa vitendo. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa Desemba 1971, kati ya Arusha na Moshi, ili mgeni asilazimike kupitia Nairobi.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, ikichukua eneo lote la juu ya mita 2,700 pamoja na njia za kupita msituni, na Mwalimu Nyerere akaifungua rasmi mwaka 1977. Hapo ndipo lango lilipohama hoteli na kwenda kwa shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Likajengwa geti lenyewe, penye askari, kitabu na risiti. Kwa msaada wa Norway vibanda vya zamani vikafuatwa na nyumba za mbao zenye paa la mteremko mkali, ambamo wapandaji wa njia ya Marangu wanalala mpaka leo.

Na majina yakabadilika. Kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, yaani Rindi yule yule aliyemtoza Charles New. Cha Peters kikawa Horombo, kwa jina la mangi wa Keni aliyekaribia kuiunganisha Rombo na himaya za jirani mwanzoni mwa karne ya 19. Sijui kama waliochagua walikusudia kejeli, lakini kejeli ipo na ni tamu.

Mpaka unafungwa, 1977–1985

Mwaka ule ule hifadhi ilipofunguliwa, wageni wakakatika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaacha kuruka, na tarehe 4 Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ikazuia magari na ndege za watalii zilizokutwa upande wa kusini. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Sababu haikuwa hasira tu. Kwa miaka mingi mtalii alitua Nairobi, akalipa Nairobi, akaletwa Serengeti, Ngorongoro au Marangu kwa gari la kampuni ya Nairobi, akalala siku mbili tatu na kurudi. Tanzania ilikuwa na wanyama na mlima, Kenya ilikuwa na lango. Kufunga mpaka kulikuwa jaribio la kulihamisha lango hilo kwa nguvu, na uwanja wa ndege mpya ulitarajiwa kufanya kazi hiyo. Haukuweza. Mashirika ya ndege ya Ulaya yalikuwa na mazoea yao, hoteli za umma zilikuwa na uhaba wa sukari, sabuni na vipuri kama nchi nzima ilivyokuwa, na vita dhidi ya Idi Amin ilikuwa imekomba hazina. Kenya ilipoteza sehemu ya safari zake, ikawageuzia wageni pwani na Maasai Mara. Marangu ilipoteza wageni bila kitu cha kugeuzia.

Malango mengi, 1986–2019

Serikali ya Rais Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na biashara binafsi ikapumua. Ndipo kampuni za Moshi na Arusha zilipoanza kuchipuka. Zara Tours ya Zainab Ansell, mojawapo ya zilizokuja kuwa kubwa zaidi mlimani, ni ya wakati huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 TTC ilivunjwa, kazi ya kuitangaza nchi ikapewa Bodi ya Utalii, na hoteli za umma zikatafutiwa wabia na wanunuzi.

Kanuni moja ya mwaka 1991 ilikuwa na uzito kuliko inavyoonekana: hakuna tena kupanda Kilimanjaro peke yako. Kila mgeni lazima apitie kampuni yenye leseni na awe na kiongozi aliyesajiliwa. Kwa TANAPA ilikuwa usalama na hesabu. Kwa kampuni ilikuwa lango jipya, mbele ya lile la serikali.

Halafu njia zikaongezeka. Marangu ina nyumba za kulala na soda za kununua, ndiyo maana waliiita njia ya Coca-Cola. Machame haina, watu wakaiita ya wiski. Baadaye Lemosho na Rongai zikapata wateja wake. Kwenye njia hizi kila kitu hubebwa: mahema ya kulala, hema la kulia, meza, viti, mitungi ya gesi, mayai ya siku saba, hata choo. Kwa hiyo kila mgeni aliyehama Marangu kwenda Machame aliongeza idadi ya watu wa kumbebea. Mji wa theluji wa Ulaya una winchi inayomvuta mteja mlimani. Davos iliweka yake mwaka 1934. Winchi ya Kilimanjaro ni shingo ya kijana wa Kichaga, na siku hizi pia ya kijana kutoka Singida, Mbulu au Kondoa aliyesikia kwamba Moshi kuna kazi.

Wenyewe hujiita wagumu. Kikomo cha mzigo ni kilo 20, na mizani ipo getini, lakini mzigo unaweza kugawanywa upya baada ya kona ya kwanza. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ukiazima makoti na viatu bila malipo na kufuatilia kampuni zinalipa nini. Serikali nayo ilitangaza kima cha dola 10 kwa siku kwa mpagazi. Kampuni nyingi zililipa chini ya hapo na kumwachia mgeni aongezee kwa bakshishi.

Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya ODI ya Uingereza walipiga hesabu ya mlima. Walikadiria wapandaji 35,000 hadi 40,000 kwa mwaka, matumizi ya karibu dola milioni 50 ndani ya nchi, na wapagazi wapatao 10,000. Asilimia 28 ya fedha hizo, walisema, iliwafikia watu wa kipato cha chini kupitia mishahara, bakshishi na chakula kinachonunuliwa sokoni. Walisifu: ni nadra utalii popote duniani kufikisha kiasi hicho. Mimi pia nasifu, kwa kiasi. Asilimia 28 iliyogawanywa kwa watu elfu kumi na zaidi si sawa na asilimia 72 iliyogawanywa kwa wachache.

Katika mwaka wa fedha 2011/12 hifadhi iliandika wageni 57,456, wakiwamo wa kutwa wanaoishia Mandara na kurudi. Mapato yake ya mwaka 2013 yalitajwa kuwa dola milioni 51, ya pili kati ya hifadhi zote za taifa. Kiingilio kikafika dola 70 kwa siku kabla ya kodi, mbali na ada ya kambi na ya uokoaji. Tangu Julai 2016 ikaongezeka kodi ya ongezeko la thamani. Weka namba hizo karibu na kima cha mpagazi: siku moja ya kiingilio cha mgeni ilikuwa sawa na mshahara wa mgumu wa wiki nzima.

Wakati huohuo mpaka wa hifadhi ulishuka. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, eneo likawa kilomita za mraba 1,668, na ule ukanda wa nusu maili wa mwaka 1941 ukamezwa pamoja nao. Kina mama waliozoea kukata majani ya ng'ombe wakajikuta wavamizi. Malalamiko ya vijiji vya Rombo, Moshi Vijijini na Hai juu ya ukanda huo yamefika bungeni zaidi ya mara moja.

Fedha inahamia Hazina, 2020 na kuendelea

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, walikuwa 620,867. Moshi ilikauka, viongozi walirudi shambani au kwenye bodaboda. Mwezi Oktoba moto ukateketeza takribani kilomita za mraba 95 za uoto wa mlima, na waliopanda na matawi mabichi kuuzima walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanafunzi, wanakijiji na wapagazi wasio na wageni.

Mwaka huohuo lango lilihama tena, safari hii kimyakimya. Sheria ya Fedha ya 2020 ilielekeza mapato ya TANAPA yakusanywe na Mamlaka ya Mapato na kuingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Hifadhi ikawa inaomba bajeti kama idara nyingine. Askari, geti na kitabu vilibaki vile vile, lakini fedha iliyokuwa ikikaa Arusha ikaanza kupita Hazina kwanza. Inawezekana uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kitaifa. Ila barabara ya kwenda getini ilipoharibika, mwenye kuulizwa alikuwa mbali zaidi.

Wageni walirudi haraka kuliko wengi walivyotegemea: 922,692 mwaka 2021, 1,454,920 mwaka 2022, 1,808,205 mwaka 2023, na 2,141,895 mwaka 2024. Hizo ni hesabu za nchi nzima, lakini kwa Mzungu wa Hamburg au Chicago, Kilimanjaro na Tanzania ni karibu kitu kimoja. Agosti 2022 shirika la simu, TTCL, lilifikisha intaneti Horombo. Kila Desemba Watanzania nao hupanda kuadhimisha Uhuru, jambo ambalo miaka thelathini iliyopita lingeonekana kioja.

Kinachopungua ni theluji. Lonnie Thompson wa Ohio na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kati ya 1912 na 2007 mlima ulipoteza asilimia 85 ya barafu yake. Barafu iliyo karibu na kilele, yenye jina la Furtwängler mwenyewe, ilikuwa mita za mraba 113,000 mwaka 1976 na 60,000 mwaka 2000, na imeendelea kumegeka. Mji wa kuteleza uliokosa theluji hununua mashine ya kuitengeneza au hufungwa. Kilimanjaro imekwenda kinyume: barafu inapungua na wageni wanaongezeka, wengine wakisema waziwazi kwamba wanawahi kabla haijaisha.

Katika hali hiyo ndipo lilipoibuka wazo la gari la kamba. Mwaka 2019 aliyekuwa naibu waziri wa utalii, Constantine Kanyasu, alitangaza kuwa serikali inalipima, akitaja matumaini ya kuongeza wageni kwa nusu, hasa wazee na wasio na siku saba za kutembea. Viongozi na wapagazi walipinga mara moja, na hoja yao haikuwa ya mandhari. Mgeni anayepanda na kushuka kwa siku moja hahitaji hema, mpishi wala mayai ya kubebewa. Kituo cha chini cha gari la kamba ni lango, na lango lina mwenyewe mmoja.

Mlima wa pili

Swali la lango si la Kilimanjaro peke yake. Kutoka kijiji cha Masakta, au kokote kwenye nyanda kati ya Mbulu na Katesh, mlima unaoonekana si Kibo bali Hanang, mita zaidi ya 3,400, mlima wa heshima kwa Wadatoga na chanzo cha maji kwa Wairaqw, Wanyaturu na wengine waliohamia chini yake. Unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kama hifadhi ya mazingira asilia. Hauna theluji, hoteli ya kihistoria wala mangi aliyepiga mnada urafiki wake. Wageni wake kwa mwaka ni sehemu ndogo sana ya wale wa Kilimanjaro.

Lakini habari ya nani anashika ardhi haikuanza kwa watalii hapa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, na kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika hilo ilifika Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980, ambako wanakijiji walishindwa. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tope na mawe vikaifukia sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani kikiwamo Jorodom, mwanzo wa njia inayotumiwa zaidi na wapandaji, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Kwa kawaida Hanang hupandwa kwa kutwa, alfajiri hadi jioni. Wengi hawahitaji mahema wala wapishi, na mpagazi akiwapo ni mmoja. Mgeni analipa ada ya TFS na kiongozi wa Katesh, analala mjini usiku mmoja au miwili, anaondoka. Wanaozungumzia kuutangaza mlima huu kwa wingi husema wageni wataongezeka, na huenda wakaongezeka. Bado haijaamuliwa kama njia zitafunguliwa kutoka upande mmoja au kutoka vijiji vyote vinavyouzunguka, nani atasajili viongozi, na halmashauri itabaki na nini katika kila ada. Marangu mambo hayo yaliamuliwa kidogo kidogo, na mara nyingi na mtu aliyekuwa ameshakaa mlangoni.